Jumamosi za Anastazia

Ukindu unapochemshwa na rangi hutoa harufu ya majani mabichi na kutu, na miaka yangu yote ya shule ya msingi nyumba yetu ya Mbagala ilinuka hivyo. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa msuka mikeka. Nyonga ilimsumbua, hakutoka ila kwa lazima, basi alishinda uani, ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, ukirefuka mikononi mwake huku mdomo ukitania wapangaji. Mimi aliniita mke mwenzangu, kama mabibi wa Pwani wanavyowatania wajukuu wao wa kike, na kwa kuwa babu alikwishafariki, alisema tumebaki wajane wawili, tusigombane. Mama aliwahi soko la Mabibo alfajiri kuchukua ndizi za kuuza, nami nilirudi shule alasiri, kwa hiyo kutwa nzima Bibi alikuwa peke yake. Sikuuona huo kuwa upweke. Niliona kwamba Bibi ananisubiri mimi.

Nikiwa darasa la sita, wanafunzi tulianzisha klabu ya huduma. Mwalimu mkuu alitupa ruhusa na mafagio mawili, mengine tukapanga wenyewe. Tulifunga madumu ya maji karibu na vyoo, yenye kamba ya kuyainamisha kwa mguu ili mtu anawe bila kushika kitu. Tulijaza mchanga kwenye viroba, tukavipanga kwenye njia ya zahanati iliyokuwa ikigeuka tope kila masika, na kina mama wenye watoto mgongoni wakatushukuru. Wazo la viroba lilikuwa langu. Lakini siku ya kumchagua mwenyekiti, mikono ilinyooshwa kwa Anastazia, binti wa mchonga vinyago aliyehamia kutoka Mtwara. Alikuwa mpole, hodari, asiyejivuna, na hilo la kutojivuna ndilo lililoniudhi zaidi, maana angejivuna ningepata pa kumshikia. Mimi nilipewa ukatibu, nikawa naandika jina lake juu ya kila ukurasa wa daftari.

Ni yeye aliyetoa hoja kwamba kila Jumamosi twende kwa wazee wanaoshinda peke yao, tuwachotee maji na kuwafagilia. Majina yakatajwa, nami nikaandika, mpaka mvulana mmoja wa mtaa wetu aliposema, "Na bibi yake Zuhura." Zuhura ni mimi. Nikasema bibi yangu ana watu wake.

"Tunajua," Anastazia akajibu taratibu. "Sie tutakusaidia tu."

Nikaliandika jina la Bibi kwenye orodha ya wenye shida, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Jumamosi ya kwanza walikuja sita na ndoo zao. Bibi alifurahi kuliko nilivyomwona akifurahi siku ya Idi. "Karibuni wanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akaagiza watengenezewe uji. Pipa likajaa, ua ukafagiliwa hadi nyuma ya choo. Wenzake walipokwenda kusuuza ndoo, Anastazia alichutama mbele ya Bibi, akauliza ule ukili unaanzwaje. Mimi Bibi alinifundisha miaka miwili, na kila nilichosuka kilipinda, tukaishia kucheka. Mtoto wa mchongaji aliangalia mara mbili tu, vidole vikashika njia. Bibi aliunyoosha ule ukili juu ya goti lake, akaupima kwa shubiri, akasema, "Ama kweli, leo nimepata mke mwenza mwenye mikono."

Sijui kama naweza kueleza jambo lile lilivyoniuma. Lile jina lilikuwa langu. Jumamosi zilizofuata nilibeba ndoo nyingi kuliko wote, nikasugua masufuria mpaka yakang'aa, na Bibi hakuinua macho, alikuwa anamwonyesha Anastazia namna ya kuunga rangi. Alianza kumwekea kiporo cha mihogo ya nazi, kile nilichokuwa nakula mimi. Nilikuwa na wivu wa mtu mzima ndani ya mwili wa mtoto, na sikuwa na wa kumwambia, kwani ningesema nini? Kwamba watu wanamtendea bibi yangu wema?

Ijumaa moja baada ya masomo nilimfuata Anastazia kwenye yale madumu, akijaza maji.

"Bibi kasema msije tena," nikamwambia. "Mnamchosha."

Aliweka jagi chini. "Kasema mwenyewe?"

"Kasema."

"Mie nimemkosea nini?"

"Unashikashika vitu vyake."

Alifuta mikono kwenye sketi, akaniomba nimfikishie Bibi samahani yake, kisha akasema wiki ijayo tutaongeza mzee mwingine.

Kesho yake Bibi alioga mapema, akajifunga khanga mpya, akatenga kindu za zambarau na kijani kwenye ungo. Jua lilipanda, uji ukaganda. Ilipoadhiniwa adhuhuri akauliza, "Wale watoto vipi?" Nikajibu kwamba wamepata mzee mwingine. Akasema haya, akatazama ungo. Nikakaa pale alipokuwa akikaa Anastazia, nikaomba nimsaidie kusuka, akanipa. Jioni nilimkuta akiufumua ukili wangu polepole, bila hasira, apate kuutumia tena ule ukindu.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini yangu imefika hadi leo. Anastazia aliona haya, akawa hapiti tena mtaani kwetu, na baada ya darasa la saba yeye na wazazi wake walihama. Sasa nakaa Bunju, na Bibi nakaa naye. Kila Jumamosi wanafunzi wa shule ya jirani hupita na mafagio, wamevaa fulana za rangi moja, na kila ndoo wanayobeba hupigwa picha. Majirani husema huduma ya zamani ndiyo iliyokuwa na moyo. Namba ya Anastazia ninayo kwenye kundi la simu la darasa letu, na mwaka jana aliniandikia, "Bibi yupo? Nisalimie sana." Nilimjibu kwamba yupo, hajambo. Salamu sikuzifikisha.

Macho ya Bibi yamekwisha, na kumbukumbu inakwenda ikirudi. Ni mimi ninayemwogesha, ninayemlisha, ninayembadilishia shuka. Tangu masika yaliyopita nikimshika mkono huniita Anastazia. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, naye akawa ananyamaza. Siku hizi naitika abee, kwa sababu kwa jina lile huzungumza, hucheka, hutaka habari za shule. Juzi nikimpaka mafuta miguuni aliniuliza mbona nilikata mguu kwake siku zile. Nikamwambia, "Zuhura alinikataza."

"Najua," akasema Bibi. "Nilijua siku ileile. Usimwambie kama najua, ataumia."

Miaka yote hiyo aliishi nami na asinitajie neno. Na alipoamua kuitoa siri hiyo, alimpa Anastazia.