Sumaku Iliyopikwa na Maharage

Nyumbani kwetu Mbeya, kwenye mwimo wa mlango, kuna msumari ambao zamani ulikuwa na kazi moja tu: kushikwa na sumaku ya baba. Haikufungwa kamba. Baba aliisogeza tu, yenyewe ikaruka na kung'ang'ania, tak! Wageni waliruka pia. Niliwaambia kwamba mwizi akiingia na panga itamshika mpaka polisi waje. Shangazi yangu aliamini, akawa anapitia mlango wa nyuma kwa ajili ya bangili zake za chuma.

Sumaku hiyo ndiyo iliyotulisha. Baba alichimba dhahabu Chunya. Ukiosha mchanga kwenye karai, udongo unaondoka, vijiwe vinaondoka, lakini unabaki mchanga mweusi, mzito, wenye chuma, umejichanganya na unga wa dhahabu kabisa. Unaukausha, unapitisha sumaku juu yake, na ule mweusi unaruka wenyewe. Kinachobaki kinang'aa. Baba aliitoa sumaku hiyo kwenye mashine mbovu ya Mzungu mmoja aliyefilisika, akasema hatatia mkono mchangani bila hiyo. Wenzake walikuwa na hirizi. Yeye alikuwa na chuma.

Halafu kifua chake kikajaa vumbi la mashimo. Mganga wa misheni alimwambia mama, si baba, kwamba huyu akirudi shimoni, harudi nyumbani. Baba aliambiwa apumzike tu. Akapumzika kwa kukohoa, na kila asubuhi akauliza kama mvua zinakaribia kwisha, maana zikiisha mashimo yanakauka na watu wanarudi Chunya.

Mimi nasoma shule ya bweni huko Iringa, ambako baridi ya asubuhi inakufanya uvae soksi za jirani. Mwalimu wetu wa sayansi, kijana wa Kihehe mwenye suruali moja na maswali mengi, aliomba sindano za kushonea kwa wake wa walimu, akazisugua kwenye sumaku, kisha akazilaza kila moja juu ya ncha ya pini, mstari mzima kwenye ubao uliolazwa mezani. Zote zikatulia zikitazama upande mmoja, kama sisi siku ya ukaguzi.

"Gusa ya kwanza," akaniambia.

Nikagusa. Ikatikisika, ikafuata ya jirani yake, na mtikisiko ukakimbia hivyo hadi mwisho wa ubao.

"Sindano gani imesafiri?"

"Hakuna, bwana mwalimu. Zote zimeachwa na basi."

Darasa zima likacheka. Yeye alifurahi tu kwamba nimejibu sawa. Akasema ndani ya chuma mna visindano visivyoonekana, kila kimoja kama pia ya mtoto inayozunguka, na vikielekea upande mmoja ndiyo tunapata sumaku. Joto huvitikisa. Mtikisiko haukai pale ulipozaliwa, unapita kwa jirani na kwa jirani wa jirani, kama wimbi. Wataalamu wa ng'ambo wanayahesabu mawimbi hayo punje punje, kama mahindi. Joto likizidi, punje zinazidi, na kila punje inaimega sumaku kidogo. Chuma kikiwa chekundu, visindano havikumbuki tena upande wao.

"Na kikipoa?"

"Kinabaki chuma tu."

"Hata kwenye baridi hii vinatetemeka?"

"Hata hii. Ila kidogo."

"Basi vina blanketi kuliko sisi," nikasema, nikatolewa nje.

Likizo ilipofika nilimkuta mama akichambua maharage. Aliniuliza, bila kuinua uso, kama sumaku ya baba huwa inachoka. Nikavimba kama profesa.

"Haichoki, mama. Labda uipike na maharage."

Hakucheka. Nikadhani hajauelewa utani.

Kesho yake baba aliisogeza sumaku kwenye msumari ikaanguka miguuni pake. Akaiokota, akajaribu tena, ikaanguka tena. Akaipangusa majivu ya jikoni kwa shati lake, akaisogeza polepole, kama mtu anayemwamsha mwenzake. Mama alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Alinitazama mara moja tu, nikajua ni nini kilicholala kwenye makaa chini ya maharage.

"Wewe ndiye unayesoma mambo haya," baba akaniambia. "Ichukue. Mwalimu wako aiponye. Mvua zikiisha nataka niwe Chunya."

"Na asipoweza, baba?"

"Utani wako uuache huko huko. Ataweza."

Mama alinisindikiza hadi kituo cha basi. Nilipokuwa napanda ndipo akasema, "Mwanangu, mambo mengine yana ruhusa ya kushindikana."

Lakini mwalimu hakushindwa. Aliizungushia waya, akaunganisha na betri ya lori la shule, na alipoisogeza kwenye ubao, sindano zote ziligeuka kuitazama. "Imefufuka!" akapiga kelele. "Kamwambie mzee!" Haikuwa na nguvu zake za zamani, ila msumari ilikuwa inashika. Nilicheka naye. Usiku sikulala vizuri.

Muhula ulipokwisha niliitia sumaku kwenye sanduku, na njia nzima ilikuwa imekumbatia kijiko changu. Makambako basi likapata pancha. Kando ya barabara bibi mmoja alikuwa anachoma mahindi.

"Kamwene, bibi," nikamsalimu kwa lugha ya huko. "Naomba nichome hiki hapa pembeni."

"Nini hicho, mjukuu wangu?"

"Chuma."

"Kwenu mnakula chuma?"

"Mwaka huu mahindi yamegoma, bibi."

"Hakitaiva hicho."

"Tutaona. Wewe pepea tu."

Akapepea huku akicheka mpaka kilemba kikamlegea. Sumaku ikaanza kuwa nyekundu. Nilitafuta utani mwingine wa kumwambia, sikuupata.

"Moshi unakuumiza macho?"

"Ndiyo, bibi."

"Hamia upande huu."

Nikahamia. Macho hayakupona.

Nilipofika nyumbani, baba alikuwa amekaa mlangoni, mfuko wa nguo umefungwa, koleo limeegemezwa ukutani. Hakungoja salamu. Aliichukua sumaku, akaisogeza kwenye msumari. Ikaanguka.

"Ameshindwa?"

"Ameshindwa, baba."

Akaiokota. Akainusa.

"Inanuka mahindi ya kuchoma."

Akamtazama mama, akanitazama mimi, akarudi kwa mama. Kikohozi kikamshika, tukangoja kiishe.

"Mvua zimekwisha," akasema.

"Zimekwisha," mama akajibu.

"Basi nipe kamba."

Mama akamletea kamba ya katani. Baba aliifunga sumaku mwenyewe, akaitundika kwenye msumari wake, kisha akaanza kutoa nguo mfukoni, moja moja.

Bado yupo. Hatuulizi tena habari za mvua. Likizo hii nilimwambia shangazi, kwa sauti kubwa ili baba asikie, kwamba sasa anaweza kupita mlango wa mbele na bangili zake zote. Shangazi akacheka. Baba alikuwa anaitazama sumaku, maana upepo ukivuma inagongagonga mwimo.