Zisis Anaitwa Kazini

Bujar alivuka milima kutoka Albania akiwa kijana, akafanya kila kazi ambayo wenyeji wa mji ule wa Ugiriki hawakuitaka: kuvuna pamba, kuchuna kondoo, kubeba zege. Alipoitwa makaburini alijiona amefika. Mchimba makaburi wa zamani, Zisis, alikuwa amezikwa wiki hiyo hiyo. Pantelis, msimamizi wa makaburi, alimtazama Bujar kutoka kichwani hadi miguuni kama fundi anayempima mteja suti.

"Unaitwa nani?"

"Bujar."

"Hilo halifai, bwana wee. Wafiwa hawatataka Mualbania aguse mtu wao. Wewe utakuwa Zisis. Jina hilo watu wamelizoea."

Lilikuwa jambo la kawaida. Dada yake, aliyefua mashuka hotelini, siku zote aliitwa Maria. Mabosi waligawa majina kama wanavyogawa glavu. Bujar akalichukua jina, akachukua na sepetu la marehemu, na buti zake za mpira zilizoachwa kibandani. Mshahara wa marehemu hakupewa; alipewa nusu yake, mkononi, bila bima.

"Bima ni ya walioajiriwa," Pantelis alisema. "Wewe unasaidia tu."

Mwanzoni Bujar alilicheka jina lile. Lakini buti zile zilikuwa zimelika upande mmoja, naye akaanza kuchechemea mguu wa kushoto, kama Zisis. Kikohozi kikavu cha asubuhi kikamwingia kifuani. Vikongwe waliokuja kuwasha taa za makaburi walimsimulia habari za wajukuu wao wakimwita Zisis, wala hawakuonekana kutania. Siku moja alimpigia mama yake simu. Mama akauliza kwa adabu, "Samahani, mzee wangu, mwanangu yuko hapo karibu?"

Tangu hapo, kila alipokuwa peke yake shimoni, alilitamka jina lake polepole, kama mtu anayepapasa meno yake kwa ulimi kuona kama yote bado yapo.

Kwa desturi ya mji ule, mfu akitimiza miaka mitatu kaburini hufukuliwa, mifupa ikaoshwa kwa divai na kuwekwa kisandukuni, kaburi likapewa mwingine. Zamu ya Zisis ikafika. Mjane wake, Bi Evanthia, alikuja na shuka jeupe na chupa ya divai. Padri alikuja, na Pantelis. Mawingu yalikuwa yameinamia mivinje na hakukuwa na upepo hata kidogo.

Bujar alichimba hadi kwenye mbao za jeneza, akazibandua.

Hapakuwa na mifupa. Zisis alikuwa amelala mzima, ngozi imekauka, ina rangi ya tumbaku. Mikono aliyokunjiwa kifuani siku ya maziko sasa ilikuwa ubavuni, vidole vimejikunja kana kwamba vimeshika mpini.

Padri alifanya ishara ya msalaba. Pantelis akarudi nyuma. "Mama yangu! Hajaoza! Nani kamlaani?"

"Hakuna aliyemlaani," Bi Evanthia alisema, macho makavu. "Ataozaje, na kila asubuhi unamwita kazini? Zisis njoo hapa, Zisis chimba pale! Nyumba yangu iko nyuma ya ukuta huu, nasikia yote. Nami mjinga, mara mbili nimemtilia kahawa."

"Bi Evanthia, hizo ni hadithi za jikoni," Pantelis alisema. " Zisis, funika upesi, mvua hiyo!"

Mguu wa Bujar ulikuwa umeshasogea kuitika. Akauona ukisogea. Chini yake, vidole vya yule mfu vilikaza. Bujar alilitupa sepetu, akapanda juu.

"Zisis ni huyo," alisema. "Mimi ni Bujar, mtoto wa Hysen."

"Umekosa siku ya kuniambia, ndugu yangu?"

"Ni leo. Bujar atafunika akiwa ameajiriwa kwa jina lake, kwa mshahara wa Zisis na bima ya Zisis. La sivyo, fukieni wenyewe."

Pantelis akamtazama padri.

"Mimi nasoma sala tu," padri alisema haraka. "Tena mgongo unaniuma."

Pantelis aliokota sepetu, akaenda hadi ukingoni, akachungulia. Akaliweka chini taratibu. "Sawa. Njoo ofisini kesho tukaandikishane."

"Mimi na padri ni mashahidi," Bi Evanthia alisema. "Sasa mwite kwa jina lake. Kwa sauti, mume wangu asikie."

Pantelis akamgeukia. "Bujar." Lilimtoka vibaya, akarudia. "Bujar! Funika kaburi."

Bujar, aliyekuwa karibu kuliko wote, aliviona vidole vikifunguka kimoja kimoja. Mjane akainama, akamimina divai yote shimoni, akasema kwa sauti ya nyumbani, "Umesikia, baba? Kazi imepata mwenyewe. Lala."

Kisha akajiinua, akafuta mikono kwenye gauni lake jeusi.

"Haya, Bujar, mwanangu. Hapo usoni pake, udongo polepole."