Mama mkwe analala darasani, na chumba kwangu kipo

Nina miaka thelathini na tatu, naendesha pikipiki ya abiria hapa Uvira, nina mke na watoto wawili. Naomba mfiche jina langu, mtaani tunajuana.

Mto ulipofurika mchana ule, nilikuwa naoga kwenye bafu la nje. Ukuta uliniangukia, matofali yakanibana miguu, tope likanifika kiunoni. Nikapiga kelele. Majirani walikuja na majembe, na aliyewatangulia ni mama mkwe wangu, ambaye nyumba yake ya bondeni ilikuwa imekwenda na maji saa ileile. Alinichimbua kwa mikono. Waliponivuta nje sikuwa na hata uzi mwilini. Alivua kikwembe chake cha juu, kile kitenge cha kujifunga, akanifunika, akageuza uso.

Kwetu, mkwe hata kula hali mbele ya mama wa mkewe.

Baadaye mtaa mzima ulinifanyia salongo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Vijana walitoa tope kwa ndoo, wamama wa kutoka Makobola wakaleta mihogo na ndagala, dagaa wa ziwani, fundi akasimamisha ukuta bila kudai kitu. Nyumba ikakauka. Mama mkwe bado analala kwenye darasa la shule pamoja na familia nyingine. Mke wangu aliposema tumlete, nilijibu kwamba chumba kina unyevu. Ni uongo. Humo naweka pikipiki.

"Weye unaona haya, mama yangu anaona mbu," aliniambia. "Pikipiki iko na chumba, mama hana?"

Kituoni wenzangu nao hawaninyamazii. "Bwana arusi wa matope! Kikwembe cha mukwe ulisharudisha?"

Jumapili mama mkwe alimtuma mke wangu kwangu: "Umwambie bwana yako, minye sikuona kitu. Niliona matope tu, na muntu mwenye iko analia." Mke wangu alicheka. Mimi niliinamisha kichwa.

Jumatatu wanafunzi wanarudi, na waliomo darasani wameambiwa watoke. Mama mkwe hajaniomba kitu. Amefunga mzigo wake aende kwa mdogo wake kule Luberizi, ambako pia hakuna nafasi. Akiondoka hivyo, najua mke wangu hatanisamehe, na atakuwa na haki.

Jana nilifika hadi kwenye mlango wa shule. Alikuwa anafua, amenipa mgongo. Nikarudi zangu.

Nishaurini, ndugu zangu. Niingieje pale, na neno la kwanza nimwambie nini?