Aliyemgeuza Bibi Dominika

Watu wa njia ya kwenda Laela wakisema "mkono wa Leonia" wanajua wanachokisema. Miaka kumi na minane mama huyu alikuwa mhudumu wa wodi katika kituo kimoja cha afya, jina lake naliacha maana waliomo bado wamo. Kumwaga bedpani, kuosha waliojichafua, kuchemsha sindano, kumfumba macho aliyekata roho: yote yake. Wenye vyeti walipita asubuhi, wakaandika kwenye faili, wakatoka nje kuota jua, kwa sababu baridi ya Ufipa mwezi wa sita si mchezo. Aliyebaki na mgonjwa ni Leonia.

Na mgonjwa wake hakuoza. Mtu akilazwa miezi mingi, mgongo na makalio hutoboka vidonda hivi hivi unaona. Wa Leonia walitoka na ngozi nzima. Kila baada ya saa mbili alimgeuza, akamkanda, akamwegemeza kwenye vimito alivyoshona mwenyewe na kuvijaza makapi ya ulezi.

Raha zilikuwepo, tusidanganyane. Kabula, mama wa Kisukuma ambaye ukoo wake ulihamia huku na ng'ombe, alijifungulia mikononi mwake. Kila akipita kituoni alimwachia kibuyu cha maziwa na kumnyanyua juu mtoto aliyempa jina lake: "Mwone Leonia wako!" Siku kama hiyo mama wa watu hakusikia hata mgongo unavyomuuma.

Lakini alichokitaka kuliko vyote ni kozi ya uuguzi kule mjini Sumbawanga. Mwaka mmoja tu, unarudi na cheti. Na halikuwa suala la kutafuta ukubwa. Ilikuwa miaka ile ya tisini, wagonjwa wameanza kuambiwa waje na glavu zao, serikali inapunguza watu, na redio haichoki kusema wasio na ujuzi wajiandae. Leonia alikuwa mjane mwenye watoto wanne, Beda na wadogo zake. Bila cheti, amekwisha.

Akajaza fomu, akampelekea Daktari Raymond, mkuu wa kituo, atie saini.

"Iache hapa, Mama Beda. Nitaipitisha."

Mwezi huo huo mama yake Raymond, Bibi Dominika, akapigwa na kiharusi. Akalazwa pale pale kituoni, upande mmoja umekufa, maneno yamempotea yote. Mtoto wake daktari hakuweza hata kumshika. Akamkabidhi kwa Leonia.

Nafasi ya kwanza ya kozi ikaenda kwa Salome, binti aliyefundishwa na Leonia huyo huyo namna ya kushika beseni. "Zamu ijayo ni yako," akasema Raymond. Zamu ijayo akaenda mwingine. "Wizara bado haijajibu." Leonia akaamini! Masikini wa Mungu, alidhani kila akimgeuza yule bibi, na fomu yake inasogea.

Mwezi wa saba orodha ya wanaopunguzwa kazini ikabandikwa ukutani. Jina la Leonia lilikuwa la pili. Akaenda ofisini kuchukua barua yake. Raymond alipovuta droo kutafuta mhuri, Leonia akaona mwandiko anaoufahamu.

"Daktari, hii si fomu yangu?"

Wala hakuona haya. "Sasa Mama Beda, ningekupeleka mjini mwaka mzima, mama yangu angegeuzwa na nani? Hawa wengine si wangemwozesha?" Halafu, bila kumeza hata mate: "Usilie. Nampeleka nyumbani, njoo uendelee naye. Chakula utakula."

Looo! Kuna watu wameumbwa na ngozi ya kiatu.

Leonia aliondoka bila kumuaga bibi. Akaanza kukaanga maandazi stendi ya Laela. Wiki ya tano Salome akashuka kwenye basi, akamwamkia, akainamisha kichwa.

"Mama, Bibi ana vidonda. Kimoja ngumi inaingia. Na anakuita. Jina lako tu ndilo linalomtoka."

"Mwache aoze," akasema Leonia. Na alimaanisha. Alimaanisha siku mbili nzima. Siku ya tatu akafunga khanga kiunoni, akachukua vimito vyake, akaenda nyumbani kwa daktari.

Harufu ilimpokea mlangoni. Raymond alikuwa amesimama na leso puani. "Nilijua tu utakuja," akasema. "Moyo wako naujua."

Leonia alimpita, akaenda kitandani. Alisafisha kidonda kwa maji ya chumvi mpaka mfupa ukaonekana, bibi akimshika khanga kwa mkono wake mmoja mzima: Leonia, Leonia. Alipomaliza akamgeukia mwana.

"Tupa hiyo leso. Njoo ushike."

"Mimi?"

"Mkono mmoja begani, mwingine kwenye nyonga. Vuta."

Raymond akavuta. Bibi alipiga yowe majirani wakatoka nje.

"Si gunia la mahindi hilo! Rudia."

Leonia akamlazimisha kurudia mara tatu. Machozi ya yule bibi aliyaona, na hakukoma. Alikuwa na hasira zake, na aliyeumia nazo ni asiyemkosea.

"Kila baada ya saa mbili," akasema, akinawa. "Usiku na mchana."

"Mama Beda, nisamehe. Fomu naisaini leo hii!"

"Isaini. Halafu mlaze mama yako juu yake."

Akatoka, vimito akaviacha. Jina lake lilimfuata mpaka barabarani, na alikwenda analia hadi stendi, lakini hakurudi.

Bibi Dominika alifariki kabla ya mvua za kwanza. Wanawake walipofika kuuosha mwili, walimkuta Leonia ameshatangulia, mlango ameufunga. Safari hiyo alimgeuza peke yake, taratibu, kana kwamba bado anaumia.