Bunduki Iliyolala Kituoni

Mtu akiniuliza ni bunduki gani inayofaa kulindia mbuzi, humjibu bila kufikiri: ile iliyopo nyumbani. Watu hucheka. Mimi sicheki, maana jambo hilo nililijua nikiwa nimekwisha kuchelewa.

Dada yangu alifariki kwa uzazi, akatuachia mtoto wa kiume wa siku nne. Kwetu sisi Wadigo mtoto wa dada ni wa mjomba wake, na mjomba ndiye mimi. Mama alimlea kwa maziwa ya mbuzi, akiyachemsha na kuyatia maji, kisha akimnywesha kwa kijiko. Tulikuwa na mbuzi watatu wa maziwa, na majirani hawakuwa na zaidi ya kuku. Shemeji yangu, baba wa mtoto, alikuwa Mduruma wa Taru, mfugaji, mtu wa maneno machache. Alipokuja matangani alituambia, "Nyinyi ni wajomba, siwanyang'anyi. Lakini maziwa yakikatika nitamchukua. Kwetu ng'ombe wapo." Tangu siku ile mama hakumweka mtoto chini ila wakati wa kusali.

Mwezi haukuisha, chui akaja. Asubuhi tulikuta zizi limebomolewa upande mmoja na mbuzi wawili wamebanana pembeni wakitetemeka. Wa tatu tuliona damu yake tu.

Shemeji alipopata habari alileta mbwa wawili, wembamba, wenye masikio yaliyochanika. "Hawa hawalali," alisema. "Chui akikaribia watabweka, nanyi mtatoka na moto, ataondoka." Nilimshukuru, nikamrudishia mbwa wake. Nilimwambia nyumba ya sala haiwekwi mbwa, tena nilimwambia kwa sauti ya mtu anayemfundisha mwenziwe. Kusema kweli haikuwa dini peke yake. Niliona haya majirani waseme mtoto wetu amelindwa na mbwa wa nyikani. Nilitaka bunduki.

Ilikuwa miaka ya hali ya hatari. Vita vilikuwa mbali huko bara, lakini serikali ilikwisha kukusanya hata magobori ya wazee wetu, yale ya kushindilia baruti, ambayo yaliwatisha ndege tu. Nilipata barua ya chifu, nikaenda Kwale mara tano, mara ya tano nikapewa kibali. Nikavuka Likoni kwenda Mombasa kwenye duka la Mhindi.

Na hapo, niseme ukweli, nilifurahi. Yule Mhindi alikuwa mtu wa subira. Alinionyesha bunduki nyembamba ya risasi ndogo, akasema hiyo ni ya kuwindia ndege kama kanga, ukimpiga nayo chui utamkasirisha tu. Alinionyesha ya risasi kubwa, nikaikataa mwenyewe: ikimkosa chui itapita minazini hadi nyumba ya jirani. Tukafika kwenye bunduki ya marisau, vile vidonge vya risasi vinavyotawanyika, na bado kuna ya mtutu mmoja na ya mitutu miwili. Nilichagua ya miwili, ili nikikosa mara ya kwanza nisibaki nimeshika gogo. Niliiweka begani, nikaishusha, nikaiweka tena. Sijapata kuchagua kitu kwa akili kama nilivyoichagua bunduki ile.

Nilipoipeleka kituoni kuandikishwa, askari aliniuliza kama nina sanduku la chuma nyumbani. Nikasema sina. Basi, akasema, bunduki italala hapa. Utaichukua jua likichomoza, utairudisha kabla halijatua.

"Afande, chui huja usiku."

"Na mimi nina mbuzi, ndugu yangu," alisema. "Amri ndiyo hiyo."

Kutoka kwetu hadi kituoni ni mwendo wa saa moja na nusu. Kila alfajiri nilikwenda, kila jioni nilirudi mikono mitupu. Mchana kutwa nilizunguka na bunduki yangu nzuri kuwalinda mbuzi na jua. Nilijua ni upuuzi, lakini ningefanya nini kingine? Kukaa nyumbani na kumtazama mama kulinishinda.

Siku ya tisa, niliporudi kutoka kituoni na bunduki, nilimkuta mama amesimama zizini na kijiko mkononi. Mbuzi mmoja alikuwa amechukuliwa. Mwingine alilala pale pale, shingo imevunjwa, amekwisha kufa, mzoga, hata nyama yake si halali. Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja kutupa pole. Nilimsimulia yote, pamoja na habari za mbwa. Akasema kwa upole kwamba mbwa wa kulinda mifugo hakukatazwa; hukaa nje, zizini. "Ungeniuliza," alisema. Naye nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu.

Tulimpa mtoto uji mwepesi wa mchele siku mbili, akaharisha. Siku ya tatu nilimpelekea shemeji habari mwenyewe.

Alikuja na dada yake, mwanamke anayenyonyesha. Mama alimfunga mtoto katika kanga ya marehemu, akampa yule mwanamke, akaingia ndani bila kuaga. Shemeji hakutulaumu hata kwa jicho. Kwa desturi mjomba humsindikiza mtoto hadi anakokwenda, nami nilikwisha kuvaa kanzu. Nilibeba na bunduki, niliyoichukua alfajiri kwa mazoea tu, maana sikuwa na pa kuiacha.

Tulifika njia kuu, jua limeanza kulala. Nikawaambia, "Mimi naishia hapa. Lazima niirudishe kabla ya magharibi." Shemeji aliitazama bunduki, akanipa mkono. Mtoto alikuwa akilia kwa njaa, na yule mwanamke akaketi kando ya njia akamnyonyesha. Akanyamaza papo hapo. Nikageuka kuelekea kituoni, nikitembea haraka ili nisichelewe.