Mwakenya ya Padre Leo

Sina haja ya kujificha, nusu ya parokia iliona: mimi ndiye msichana aliyemtengenezea padre mwakenya, na ikasomwa mbele ya altare. (Kama hujui mwakenya ni nini, basi wewe ni mwalimu: ni kile kikaratasi cha majibu mtu anaingia nacho kwenye mtihani, na kwa kukikunja nilikuwa fundi, uliza Fomu Tatu yote.)

Likizo hiyo, miaka ya tisini na kitu, nilikuwa naosha vyombo kwa nyumba ya mapadre wazee pale misheni, upande wa Macalder. Kila mwaka daktari mmoja mama alikuja kutoka Nairobi kuwapima kumbukumbu, wazee wale wale, mwaka baada ya mwaka, ili ajue uzee unakulaje akili ya mtu na kwa nini wengine unawaruka. Sasa mwaka uliopita, wiki mbili baada ya daktari kuondoka, Padre Gaspari alipelekwa Nairobi na hakurudi. Nikapiga hesabu yangu: ukifeli, unahamishwa.

Na Padre Leo alikuwa anaelekea kufeli. Mtu aliyevuka ziwa na mvua yake kubatiza watoto wa kisiwa cha Remba, aliyenifundisha hata kushika penseli, sasa aliniuliza mara tatu kabla ya chai mimi ni wa nani, na kila nikijibu alifurahi upya kama amepata mgeni. Achukuliwe, na mimi niko?

Jumamosi daktari akaanza na padre mwingine. Nikasugua sufuria moja chini ya dirisha mpaka karibu itoboke, nikayanasa maneno matano ambayo mzee alisomewa ayataje baadaye: nyundo, ndizi, kofia, daraja, jembe. Zamu ya Padre Leo ilikuwa Jumatatu. Nikaandika, nikakunja, nikachomeka kwa kitabu chake cha sala, nikajisifu sana. Nilipanga kumwambia Jumatatu asubuhi, kwa sababu nikimwambia mapema angesahau.

Nilichosahau mimi ni Jumapili.

Misa ilipofika kwa matangazo, Padre Leo akafungua kitabu, kikaratasi kikaanguka, akakiokota, akarekebisha miwani, akatangaza taratibu kwamba kuna vitu vimepotea, mwenyewe aje achukue: nyundo, ndizi, kofia, daraja, jembe. Watu wakatazamana juu ya hilo daraja. Mama mmoja wa nyuma akasimama akasema jembe ni lake, lina mpini mpya, lilipotea Jumanne. Mwanakwaya akadai kofia. Daktari, aliyekaa benchi la kwanza, akashika kichwa, akasema hayo ni maneno ya mtihani wake na sasa wazee wake wote wameyasikia.

Padre Leo akakitazama kile kikaratasi tena.

“Hii herufi jei yenye mkia wa mbuzi ni mimi nilishindwa kuinyoosha,” akasema. Halafu akaniita kwa Kijaluo, vile alivyoniita nikiwa mdogo, mtoto wangu: “Nyathina, njoo.”

Nikapita katikati ya kanisa, njia ndefu kuliko ya kwenda Migori, na yule mama akanifuata nyuma akiuliza jembe liko wapi.

Kwenye sakristia, nyuma ya altare, nililia, nikasema yote. Daktari akaniambia Padre Gaspari alienda kutibiwa nyonga, na hapa hakuna kufeli. Anayesahau, akasema, ndiye anayemfundisha yeye zaidi, na kikaratasi changu kingeharibu kazi ya miaka. Padre Leo alicheka mpaka miwani ikaanguka. Akasema alikubali kupimwa kwa hiari yake, na ameshatia sahihi kwamba akifa wafungue hata ubongo waangalie, maana yeye hana kitu kingine cha kuwaachia watu.

Jumatatu daktari alileta maneno mengine ya akiba. Niliruhusiwa kukaa mlangoni, mikono ionekane. Padre akataja moja, akafuta miwani, akataja la pili. Mdomo ulikuwa unaniwasha. Akanitazama, nikatazama dari.

“Andika alama mbili, daktari,” akasema. “Ni chache, lakini ni zangu.”

Tangu siku hiyo sijakunja mwakenya tena na sitakunja. Muhula uliofuata nilipata kumi na moja kwa mia kwenye Kemia, na mwalimu akaniuliza mbele ya darasa kama sioni aibu na hizo alama. Nikamwambia ni chache, mwalimu, lakini ni zangu. (Na viboko pia vilikuwa vyangu.)