Tulivyokwenda Ndabibi Kukanyaga Setilaiti

Keti hapa karibu nami. Kama una simu mkononi usiizime, tutaihitaji mwishoni. Nataka kukueleza jinsi sisi wanawake kumi na mmoja wa chama cha mtaa wa Section 58, Nakuru, tulivyonunua kipande kidogo sana cha biashara ya anga, na kwa nini dada yangu bado anakamua ng'ombe wake mwenyewe. Nilifundisha fizikia kwa miaka mingi, kwa hiyo nikianza kuzunguka, nivumilie. Nitarudi.

Chama chetu ni cha kuweka akiba na kununua vitu pamoja. Zamani tulinunua ploti upande wa Gilgil kwa kuangalia ramani na picha mbili. Kwenye picha nyasi zilikuwa nzuri. Tulipofika tukakuta nusu ya ploti ni korongo, na mvua ya kwanza ikaondoka na mawe mawili ya mpaka. Tangu siku hiyo tuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote: hatununui tusichokanyaga. Tunakwenda wote, siku ya Jumatano, tumevaa gambuti, yaani buti za mpira, tunapima kwa hatua, halafu mwenyekiti anafungua chupa ya chai na tunakunywa tukiwa tumesimama juu ya kitu chenyewe. Chai isiponywewa pale, hakuna kura. Tumekanyaga ploti, tumekanyaga kinu cha posho, tumekanyaga hata banda la kuku ambalo lilitutosha kulinusa tukiwa langoni.

Basi siku moja nikawaletea habari ya setilaiti.

Nilikuwa nimesoma kwamba kampuni moja ya ng'ambo, ambayo hisa zake zinauzwa kwa umma, imeanza majaribio ya kuunganisha simu za kawaida na setilaiti moja kwa moja, bila dishi wala kifaa cha ziada. Kampuni ya simu ambayo dada yangu anatumia laini yake ilikuwa imeingia katika majaribio hayo, kwa ujumbe mfupi tu, bado si kupiga. Nikapendekeza tununue hisa chache.

"Mwalimu," mweka hazina akasema, "hiyo kitu tutaikanyaga wapi? Mbinguni tunaenda wote, lakini si Jumatano."

"Na gambuti zangu ziko na matope," mwenyekiti akaongeza. "Sijui kama huko wataniruhusu."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Nikangoja. Mwalimu hujifunza kungoja.

Kisha nikawaambia: fikirini mnara wa simu. Kazi yake ni kusikia simu yako na kukujibu. Sasa uchukue mnara huo, uurushe juu, uzunguke dunia. Simu yako haijapewa nguvu mpya; inanong'ona vilevile. Kilichobadilika ni sikio. Huko juu wameweka sikio kubwa sana, lenye uwezo wa kusikia mnong'ono wa simu iliyo shambani. Na kwa kuwa mnara huo unakimbia, hauwezi kukaa juu yako. Unapita, mwingine unafuata, kama ng'ombe wanaotoka mtoni mmoja mmoja. Ukikosa wa kwanza, subiri wa pili.

"Na kwa nini wanaweza sasa, na zamani hawangeweza?" mwenyekiti akauliza. Swali zuri. Nikamwambia ni kwa sababu ya gari la kupeleka. Zamani roketi ilikuwa kama lori linalopeleka maziwa mjini mara moja kisha linatupwa. Siku hizi kuna roketi ambazo sehemu yake kubwa hurudi chini, ikatua, ikatumiwa tena. Usafiri ukishuka bei, hata mzigo wa ajabu unaweza kubebwa.

Wakaelewa. Lakini sheria ni sheria. Mwenyekiti akasema tutakwenda kukikanyaga pale kinapofanya kazi, na kama hakifanyi kazi, tutakunywa chai yetu nyumbani.

Mahali nilipajua. Ni kwa dada yangu mkubwa, Ndabibi.

Dada anaishi peke yake kwenye shamba ambalo yeye na marehemu mume wake walilima tangu ujana. Nyumba iko bondeni, chini ya miinuko ya Eburu, na kilima kimeuziba mnara wa simu kabisa. Anayetaka kupiga simu hupanda kwa nusu saa hadi kwenye mwamba mmoja. Majirani wanapaita Kwa Simu. Huko juu watu huongea na watoto wao, huomba daktari wa mifugo, na kusikiliza habari za majirani bila kualikwa.

Miezi michache kabla ya safari yetu, ng'ombe mmoja alimpiga dada teke la goti alfajiri akikamua. Akaanguka, simu ikiwa mfukoni mwa aproni yake, nzima, yenye chaji, na isiyo na faida yoyote. Alilala pale kwenye samadi mpaka jua lilipopanda na mtu wa kuchukua maziwa akashangaa mbona mkebe hauko barabarani.

Nilimleta kwangu apone. Alikaa wiki tatu, akaichukia kila siku iliyopita. "Nyumba yako ni nzuri," aliniambia, "lakini nikiamka hakuna anayenihitaji." Nilimsajili katika yale majaribio akiwa sebuleni kwangu, naye akatazama simu kama mtu anayepewa dawa asiyoiamini. Kisha akarudi kwa ng'ombe wake akichechemea, bila kuijaribu.

Mwanawe wa kwanza, anayefanya kazi Nairobi, hakuwa na ubaya wowote. Aliogopa tu. Akatafuta mnunuzi wa ng'ombe wote wanne, shamba likodishwe, na mama ahamie kwangu kabisa. Mnunuzi angekuja Jumamosi. Sisi wa chama tulifika Jumatano.

Dada alitupokea uani akiegemea fimbo. "Karibuni," akasema. "Mmekuja kuninunua na mimi?"

"Wewe hauna bei," mwenyekiti akamjibu. "Tumekuja kukanyaga setilaiti."

"Basi mkimaliza, mniambie iko na matiti mangapi."

Na hapa ndipo nilipokosea, mimi mwalimu mzima. Tangu nimjue dada yangu akiwa Ndabibi, simu ilikuwa kitu cha kupanda nacho kilimani. Sikufikiri mara mbili. Nikawaongoza wenzangu kumi hadi Kwa Simu, wengine wakiwa na miaka sitini, wote wakiwa na gambuti. Niliona kwamba ukiwa juu zaidi, umeikaribia setilaiti zaidi. Dada, kwa sababu ya goti, alibaki bondeni na chupa ya chai.

Tulisimama juu ya mwamba tukiinua simu kama watu wanaopimwa na fundi nguo, mikono juu. Tulikuwa na simu mbili zilizosajiliwa, yangu na ya mweka hazina. Zote zilionyesha kijistari kimoja cha mnara wa mbali, hafifu, kinakuja kinaenda. Alama ya setilaiti haikutokea. Nusu saa ikapita. Saa nzima.

"Mwalimu," mweka hazina akasema, naye alikuwa ameketi na kuvua gambuti moja, "hii ni ile ploti ya Gilgil. Tofauti ni kwamba korongo liko juu."

Nilimfikiria dada na Jumamosi. Hisa zingeweza kusubiri mwaka mwingine, lakini ng'ombe wangepakiwa kwenye lori siku ya tatu. Nilikuwa nimemwambia, pale sebuleni, kwamba jambo hili huenda likamrudishia nyumba yake. Unapompa mtu matumaini, unapaswa kuwa umeyapima kwanza.

Hapo simu yangu ikalia. Ujumbe, kutoka kwa dada:

"Chai inapoa. Mnafanya nini huko juu?"

Niliusoma mara mbili. Kisha nikamtazama mweka hazina, naye akanitazama. Dada alikuwa bondeni. Kutoka bondeni hakujawahi kutoka ujumbe wowote tangu simu ziingie nchini.

Ndipo nikaelewa, na nikaona haya kidogo, kwa kuwa ni jambo ambalo ningemweleza mwanafunzi wa kidato cha pili. Simu haitafuti setilaiti ikiwa bado inasikia mnara. Hata mnara uwe dhaifu namna gani, simu itaung'ang'ania. Pale juu, kile kijistari kimoja ndicho kilichotuzuia, na ndicho kilichoniletea ujumbe wa dada. Bondeni, ambako hakuna mnara kabisa, simu ilikata tamaa na ardhi, ikatazama juu. Na urefu wa kilima chetu, mbele ya umbali wa setilaiti, ni kama kupanda kigoda ili uguse jua.

Tulishuka kwa haraka isiyofaa umri wetu. Dada alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, katikati ya uwanja ambako ng'ombe hupumzika, hakuna mti wala paa.

"Ilichukua muda," akasema. "Niliandika, ikazunguka, ikazunguka. Nikaichukia. Halafu ikaenda."

Mweka hazina hakuamini maneno matupu. Akaenda kusimama chini ya mabati ya zizi: hakuna kitu. Akatoka hadi penye uwazi, akamwandikia mtoto wake aliye Nakuru, na baada ya karibu dakika tano akajibiwa. Akarudi chini ya mabati: hakuna kitu. Akatoka tena. Alifanya hivyo mara nne, mpaka ng'ombe wakamzoea.

"Sawa," akasema mwishowe. "Inafanya kazi. Lakini Mwalimu, kitu kufanya kazi na hisa yake kuwa nzuri, hayo ni mambo mawili. Ama sivyo?"

Ningeweza kumkumbatia, na nadhani nilimkumbatia. Ni mambo mawili kabisa. Nikawaambia yale niliyoyajua, tukiwa tumezunguka ndoo ya dada. Setilaiti hizi huzeeka, huanguka na kuungua baada ya miaka michache, kwa hiyo kampuni lazima irushe nyingine daima. Hiyo inataka pesa, na kampuni ikikosa huenda ikauza hisa mpya; chapati ni ileile, ila sasa inakatwa vipande vingi zaidi, na chako kinapungua. Wateja wengi wanaohitaji huduma hii ni watu kama dada, ambao hawana cha kulipa sana. Kwa hiyo mapato hutegemea mapatano na kampuni za simu. Na wako wengine wanaorusha vilevile, wenye mifuko mikubwa. Inawezekana huduma ikashinda, na kampuni tuliyoichagua ikashindwa. Nilisema pia kwamba tukinunua, tutanunua kupitia wakala mwenye leseni tuliyoihakikisha wenyewe, si kupitia kijana yeyote wa kwenye WhatsApp anayeahidi kuzidisha pesa maradufu.

Mwenyekiti akafungua chupa. Tulikunywa chai tukiwa tumesimama kwenye samadi kavu, tukitazama juu, ambako hakukuwa na chochote cha kuona. Kura ikapigwa. Tuliweka sehemu ndogo ya akiba, ile ambayo ikipotea hakuna mtoto atakayefukuzwa shule wala paa litakalosubiri mvua nyingine. Iliyobaki ikaendelea na mpango wa ploti, safari hii ploti isiyo na korongo.

Dada alikuwa hasikilizi hayo. Alikuwa anaandika, kidole kimoja, polepole. Akanionyesha kabla ya kutuma. Ulikuwa ujumbe wa kwenda kwa mwanawe: "Mwambie mnunuzi asije. Ng'ombe hawauzwi. Mama."

Ulizunguka, ukaenda. Jibu likafika tukiwa tunaosha vikombe: "Nani ameshika simu ya mama yangu? Huko hakuna network."

Tulicheka mpaka mbwa akabweka. Dada hakucheka. Alifikiri, kisha akaandika: "Ni mimi. Uliogopa jogoo hadi darasa la tano."

Setilaiti moja ikapita, sijui, au mbili. Kisha: "Mama." Na baada yake: "Sawa. Lakini kila asubuhi ukimaliza kukamua, unitumie. Na simu uivae shingoni, si mfukoni."

"Mtoto anatoa masharti," dada akasema, lakini tayari alikuwa anatafuta kamba.

Jumamosi lori halikuja. Zizi limeondolewa mabati upande mmoja, mahali anapokamulia, ili anga ionekane. Mvua ikinyesha anakamua chini ya upande mwingine na kutuma baadaye. Tumekubaliana kwamba ujumbe usipofika kabla ya saa tatu, mwanawe anampigia mtu wa maziwa, ambaye hupitia barabarani penye mtandao. Ujumbe umechelewa mara mbili. Mara zote mbili dada alikuwa amesahau, akagombezwa, akafurahi kugombezwa.

Hisa zetu zimepanda, zikashuka, zikapanda kidogo. Mweka hazina huziangalia mara moja kwa mwezi na kutusomea bila kubadilisha sauti. Mimi nasubiri kitu kingine: mwanawe hunitumia kila asubuhi neno moja lililotoka Ndabibi, "Nimekamua."

Sasa ishike ile simu yako. Kama una mzazi anayekaa mahali pasipo mnara, iulize kampuni ya laini yake kama huduma hii imefika, umsajili, kisha uende kwake. Usipande kilima. Shuka naye hadi pasipo na mtandao kabisa, msimame penye uwazi, mbali na mti na mabati, umpe simu mkononi mwake mwenyewe, aandike neno moja, na msubiri pamoja mpaka liende.